Mgongo wa Beji

Ukionyeshwa beji ya askari wa miavuli, usianze kuitazama usoni. Igeuze. Uso ni wa jeshi: mwavuli, mbawa, jina la kikosi. Mgongo ni wa fundi. Huko ndiko utakuta mikwaruzo ya tupa, tone la risasi lililoshika pini, na ukingo uliopinda kidogo ambao fundi aliuona akauacha.

Jumapili jioni, upepo wa ziwa la Karavia, hapa Lubumbashi, ukianza kupoa, huzitoa zangu kwenye kopo la maziwa na kuzilaza kifudifudi juu ya kitambaa. Ninayoipenda kupita zote niliipata kwa mzee mmoja mfua shaba. Haina namba wala chapa ya kiwanda. “Ni ya mwaka wa Kolwezi, papa,” alinijibu nilipomuuliza, akaendelea na kazi yake.

Mwaka wa Kolwezi ni 1978. Huku kwetu vita ya mwaka ule huitwa ya siku sita, isichanganywe na ya siku themanini ya mwaka uliotangulia. Tarehe 13 Mei waasi wa FLNC, wakiongozwa na Nathanaël Mbumba, waliuteka mji wa Kolwezi. Tarehe 16 askari wa miavuli wa Zaire waliruka. Tarehe 19 alasiri wakaruka askari wa Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa, kikosi cha 2e REP cha Kanali Erulin, tena kwa miavuli ya Kimarekani ya jeshi la Zaire, ambayo hawakuizoea. Wenzao walifuata asubuhi yake, na Wabelgiji wakatua kwa ndege. Raia waliouawa katika siku hizo, weusi kwa weupe, ni mamia. Hao hakuna aliyewafulia beji, na kila ninapoishika hii yangu nawakumbuka wao kwanza.

Mkoa wetu wa Katanga wakati huo uliitwa Shaba, tangu 1971 hadi 1997. Basi ilikuwa vita ya Shaba, mji wa shaba, na beji ya shaba. Kwa fundi wa hapa madini haya si mageni. Muda mrefu kabla ya kampuni na reli, wahunzi wa nchi hii waliyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, wakamimina shaba kwenye kalibu za mchanga, ikatoka misalaba. Misalaba midogo ya namna hiyo imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Ilikuwa pesa. Moïse Tshombe alipoitangaza Katanga kuwa nchi huru, msalaba huo ukawekwa kwenye bendera, na mwaka 1961 kwenye sarafu.

Beji yangu haikumiminwa. Imekatwa kutoka kwenye bati la shaba na kufuliwa, na kazi hiyo nimekaa kwenye kigoda nikaitazama mara nyingi. Fundi huchora umbo, hukata kwa patasi nyembamba, kisha hulaza bati kifudifudi juu ya lami laini na kuligonga kwa nyuma, mpaka mwavuli uvimbe upande wa pili asioutazama. Shaba ikigongwa sana hukakamaa, na ukiilazimisha hupasuka. Hapo huirudisha motoni mpaka iwe nyekundu hafifu, huizamisha majini, nayo hulainika upya. Chuma ungekifanyia hivyo kingezidi ugumu. Huanza tena: nyundo, moto, maji. Mbawa mbili za beji yangu hazilingani, ya kushoto ina manyoya saba, ya kulia sita. Mimi naona alihesabu vizuri, nafasi ndiyo iliyomwishia.

Beji za viwanda vya Paris, Drago au Arthus-Bertrand, zilipigwa kwa kalibu ya chuma kigumu, na ya elfu moja ni sawa na ya kwanza. Ni nzuri, siwezi kukana. Lakini ukishaiona moja umeziona zote. Ya mkono haina pacha.

Wapo wanaotengeneza pacha, hata hivyo, ili wauze. Hugandamiza beji halisi kwenye mchanga, humimina shaba nyeupe au ya njano, huipaka asidi izeeke. Pima kwa rula. Madini yaliyomiminwa husinyaa yanapopoa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, na mgongo wake una vishimo vya mchanga mahali ambapo tupa ilipaswa kupita.

Kama unayo moja nyumbani, Kolwezi, Likasi au hapa Lubumbashi, ndani ya sanduku la marehemu babu, nakuomba mambo mawili. Usiisugue kwa limau na majivu ing’ae. Ule weusi na ukijani ndio umri wake. Na kama bado yuko anayemjua fundi aliyeifua, muulize wiki hii, uandike jina hilo kwenye karatasi na kuifunga beji humo.