Beringi Moja, Hukumu Mbili

Kazi ya fundi wa magari wengi huipima kwa alichobadilisha. Mwenye gari hurudi jioni, akakabidhiwa boksi la spea kuukuu zilizolowa mafuta, naye huondoka ameridhika kwamba pesa zake zimefanya kazi. Mimi nataka kumsifu fundi kwa kile alichokifungua, akakiosha, akakitazama, kisha akakirudisha mahali pake. Namsifu hasa fundi wa ekseli, yule anayefufua magari ya porini yanayovuta kwa magurudumu yote manne, Land Cruiser na Land Rover, katika vituo vya barabarani kama Salama.

Salama iko Makueni, kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kati ya Konza na Sultan Hamud. Anayebaki kwenye lami hapo anaendesha gari la kawaida bila shida. Lakini ukishuka kwenye lami, ukapita Makueni hadi kuvuka mto Athi na kuingia Kitui, unakutana na mchanga wa mito ya msimu: Thwake upande huu, Tiva upande ule. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Ikutha na Mutomo imewekwa lami miaka ya karibuni, ila njia zinazochepuka kutoka kwake bado ni za vumbi, mawe na makorongo. Huko ndiko ekseli inakozeekea.

Chukua ekseli ya mbele ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984. Kwa miaka mingi imekuwa bomba gumu la chuma lenye difu ndani na kifundo kila mwisho, pale gurudumu linapogeuka huku likivutwa. Ndani ya kifundo mna jointi ya gololi iliyozama kwenye grisi, beringi mbili ndogo za kingpini, yaani mhimili ambao kifundo hugeukia, moja juu na moja chini, na sili inayozuia mafuta ya difu yasiingie kwenye grisi. Kuifungua ni kazi ya kutwa. Kila kitu kinaoshwa kwa mafuta ya taa na kupangwa juu ya gunia, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Hapo ndipo swali linapozuka. Gari lilikuja likitembea, na vingi vilivyolala juu ya gunia ni vizima. Kwa kuwa tumeshafika huku ndani, tubadilishe vyote, au turudishe vinavyofanya kazi?

Kuhusu sili, fundi hana mjadala. Sili ya ndani ikichoka, mafuta ya difu hupenya, huilainisha grisi mpaka inakuwa uji, na uji huo hutoka hadi kwenye breki. Bei ya sili ni ndogo, lakini kuifikia ni siku nzima. Anayeirudisha kwa sababu haijaanza kuvuja ameokoa shilingi chache na kuiweka rehani siku hiyo nzima. Basi sili na gasketi zote hutupwa, hata zikiwa nzima. Kinachopimwa ni gharama ya kurudi kule ndani. Fundi huyo huyo hatasahau tundu la kupumulia la ekseli, ambalo halina bei kabisa. Ekseli yenye joto ikiingia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na tundu likiwa limezibwa na tope, maji hufyonzwa kupitia sili. Mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, fundi ameshajua gari lilipita wapi.

Ufundi wenyewe unaanzia kwenye beringi. Hizi ni za roli zilizochongoka, aina ambayo Henry Timken aliipatia hataza Marekani mwaka 1898, zinazobeba uzito wa gari na msukumo wa ubavuni kwa pamoja. Fundi huizungusha karibu na sikio. Hupitisha ukucha ndani ya kikombe chake, ile pete ya nje ambamo roli hupita. Ukucha ukinasa kwenye kishimo, kesi imekwisha. Rangi ya bluu ni alama ya joto, na chuma kilichopoteza ugumu kwa joto hakirudishiwi ugumu kwa grisi. Kikombe cha kingpini kina ugonjwa wake: kwa kuwa kingpini haizunguki, bali hugeuka kidogo tu kushoto na kulia, roli hugonga palepale miaka na miaka mpaka zikachimba mistari, na usukani ukaanza kutetemeka. Lakini rangi ya kijivu iliyotanda sawasawa, isiyo na kovu, ni alama ya kazi tu. Beringi hiyo imetumika, haijaumia.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Beringi mpya ina hatari zake. Yaweza kuwa bandia ndani ya boksi lenye jina kubwa. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008, na bado mnunuzi hutegemea macho yake na duka analoliamini. Yaweza kuumizwa kwa nyundo wakati wa kuipachika, kuingiwa na mchanga, au kukazwa kupita kiasi. Ile kuukuu iliyo nzima imeshavuka majaribio hayo yote. Tena, wahandisi wanaokokotoa umri wa beringi hawatoi tarehe ya kifo. Hutoa kipimo ambacho, kikifika, kumi katika kila mia zinatarajiwa kuwa zimeharibika; tisini zilizobaki huendelea, nyingine mara kadhaa zaidi. Kilomita peke yake ni shahidi dhaifu.

Waliolithibitisha hili kwa hesabu walikuwa watu wa ndege. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwanabiolojia Mwingereza C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege zilizowinda nyambizi za Ujerumani. Waliona hitilafu zikiongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka, kisha zikipungua kadiri ndege ilivyoendelea kuruka. Mikono iliyokuja kuzuia madhara ilikuwa ikiyaleta. Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la United Airlines waliandika kwamba asilimia 89 ya vipuri walivyochunguza havikufaidika na kuwekewa ukomo wa umri. Usiache mbachao kwa msala upitao: hata watu wa ndege walikuja kuujua ukweli huo.

Hata hivyo, ndege hurudi uwanjani penye karakana. Land Cruiser yaweza kulala porini. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla ya kutoa hukumu, huuliza gari linaenda wapi. Beringi ya gurudumu yenye kijivu kidogo, katika gari linalozunguka kati ya Salama, Emali na Nairobi, hurudishwa na grisi mpya. Ikianza kulia, dereva ataisikia na msaada hauko mbali. Beringi hiyohiyo, katika gari linalopeleka chanjo ng'ambo ya Ikutha kuelekea mpaka wa Tsavo, hubadilishwa. Ubovu wake ni uleule, ila mahali itakapofia pamebadilika. Fundi huuliza pia kipuri hufaje. Beringi hulia kabla ya kufa. Shafti hukatika bila kuaga. Shafti yenye ufa mwembamba kwenye meno yake haipati msamaha hata kama gari linaishia sokoni.

Kuna pia vipuri visivyohukumiwa kimoja kimoja. Beringi na kikombe chake vimelika pamoja, hivyo huingia pamoja na kutoka pamoja. Kron na pinioni ya difu husagwa kiwandani zikiwa jozi. Difu isiyolia, yenye unga laini tu kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia mafuta, huachwa imefungwa. Jointi ya gololi, kinyume chake, mafundi wengine huihamisha kushoto kwenda kulia, ili gololi zisukume upande wa mfereji ambao haujalika. Na beringi nzima iliyotolewa kwa ajili ya safari ya mbali haitupwi. Hupakwa grisi, hufungwa ndani ya kipande cha tyubu pamoja na kikombe chake, na kuwekwa chini ya kiti. Hakuna spea inayojulikana tabia yake kuliko hiyo.

Taabu ya ufundi huu ni malipo. Anayebadilisha kila kitu ana risiti za kuonyesha, na kipuri kikifa, lawama huenda dukani. Anayerudisha amejidhamini mwenyewe: beringi ikilia Mutomo, jina litakalotajwa ni lake. Halafu mteja, akiona spea chache kwenye hesabu, hudhani kazi ilikuwa ndogo, na kwa njia hiyo tunawafundisha mafundi wetu kubadilisha vilivyo vizima. Dawa iko mikononi mwa mwenye gari. Adai orodha mbili, ya vilivyobadilishwa na ya vilivyorudishwa, kila kimoja na sababu yake, na zote mbili azilipie. Ya kwanza itamwonyesha pesa zilikokwenda. Ya pili itamwonyesha kama aliyemwachia gari ni fundi.