Jina la Kwotabeki

Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeamua mpira umfikie nani, na sifa za uongozi humwangukia yeye kwanza. Peter Gent aliutazama uongozi huo kutoka upande wa anayesubiri pasi. Alikuwa mdaka pasi wa Dallas Cowboys miaka ya 1960, na mwaka 1973 akachapisha riwaya, North Dallas Forty. Filamu yake ilitoka 1979.

Ninachokipenda katika filamu hiyo ni kwamba kwotabeki Seth Maxwell si mtu mbaya. Ni mcheshi, anaelewana na kila mtu, na ni rafiki wa karibu wa Phil Elliott. Lakini wakubwa wa timu wanapomsimamisha Elliott kwa sababu ya bangi, aliyekuwa akivuta naye hatajwi. Baadaye Maxwell anataka kujua kama jina lake limetajwa.

Wapo watakaoyaita hayo manung'uniko ya mchezaji aliyechoka. Mimi naona Gent amegusa penyewe: uongozi wa uwanjani unaweza kuwa wa kweli kabisa, na bado ukaishia kwenye mlango wa ofisi. Maxwell anapomrushia mpira wa mwisho, Elliott haudaki. Unamgonga kifuani na kuanguka.