Mizani ya Ala Tupu

Aghalabu msikilizaji wa pwani yetu, aliyelelewa katika taarab na mashairi, huweka maneno mbele na sauti nyuma. Humsifu mwimbaji kwa fumbo alilolifumba kabla hajamsifu mpiga fidla kwa namna alivyolifuata, wala si ajabu akadhani kwamba muziki usiokuwa na maneno ni dibaji ya jambo ambalo bado halijaanza. Lakini taarab yenyewe inayo hoja ya kumjibu, kwa kuwa vikundi vya Unguja, kama vile Ikhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905, hufungua majilisi yao kwa bashraf, muziki wa ala tupu uliotungwa ukatimia, wenye sehemu zinazobadilika na kipokeo kinachorejewa. Na hadhira hiyohiyo huijua pia taksimu, pale mpigaji mmoja anapoachiwa uwanja aeleze peke yake, bila ya kubanwa na mapigo, yaliyomo ndani ya maqamu.

Tofauti hiyo ndiyo mizani ninayoishika kila nikiulizwa kipi kibora miongoni mwa vibao vya ala tupu vya bendi za hevi metali. Kwa nasaba muziki huo hauna udugu na bashraf, maana ulipata sura yake Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, mikononi mwa Black Sabbath. Ila watu wanaobishana juu yake hutia taksimu na bashraf katika kitanga kimoja, kisha hustaajabu kuona ubishi haukomi.

Eruption ya Van Halen, ya mwaka 1978, ni taksimu. (Wako wasiokubali kuiita bendi hiyo ya metali, nami sina haja ya kugombana nao.) Haifiki hata dakika mbili, na ilianza kama mazoezi ya Eddie Van Halen ya kupasha vidole moto kabla ya kupanda jukwaani, mpaka mtayarishaji Ted Templeman alipoisikia akataka inaswe. Sifa yake yote imo katika mikono miwili inayogonga nyuzi juu ya shingo ya gitaa, sauti zikamiminika kwa kasi ambayo mkono mmoja usingeiweza. Ajaye kutafuta humo tungo yenye mwanzo, kati na hatima anamdai mtu deni asilolikopa. Taksimu pia ni Anesthesia ya Metallica, ya mwaka 1983, ambayo hufunguliwa kwa sauti ya mtu wa studio akitangaza kwamba sasa ni zamu ya besi, kisha Cliff Burton hulifanya gitaa la besi, chombo ambacho kwa desturi hukaa nyuma kikishikilia msingi, lingurume na kulia kwa kikanyagio cha wawa. Kati ya hizi mbili nampa Burton ushindi, si kwa wepesi, maana kwa wepesi hakuna wa kumfikia Van Halen, bali kwa sababu sehemu yake ya mwanzo ina utulivu wa mtu aliyesoma piano utotoni na kumsikiliza Bach, na kila kishazi chake chaonekana kujua kinakokwenda.

Viko na vipande vifupi vya kupisha njia, ambavyo hukumu yake hutegemea kinachofuata: The Ides of March ya Iron Maiden, ya mwaka 1981, haina kazi ila kutufikisha kwenye Wrathchild, na The Hellion ya Judas Priest ni lango la Electric Eye. Katika hivi napenda kusimama kwenye Orchid ya Black Sabbath, ya mwaka 1971, gitaa lisilo la umeme, dakika moja na nusu hivi. Mpigaji wake, Tony Iommi, anayeshika gitaa kwa mkono wa kushoto, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17, siku aliyokuwa akimalizia kazi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki iliyoyeyushwa na ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba, na katika albamu hiyohiyo yenye Orchid akazilegeza ziwe laini kwa vidole vyake, jambo lililoishusha sauti na kuufanya muziki wake uwe mzito kuliko wote uliotangulia. Kwa hiyo uzito wa nyimbo zinazoizunguka, na upole wa kipande chenyewe, vyote vimepita katika vidole vile vilivyojeruhiwa.

Ama bashraf yenyewe, nayo ni nadra, maana kutunga dakika nane bila ya mwimbaji na msikilizaji asimkumbuke mwimbaji ni mtihani uliowashinda wengi. Losfer Words ya Iron Maiden, ya mwaka 1984, ina gitaa mbili zinazokwenda sambamba kwa ufundi usio na dosari, lakini kila baada ya muda hujiinamia ikawa kama inayomsubiri mwimbaji wa bendi, Bruce Dickinson, aingie, naye haingii. The Dance of Eternity ya Dream Theater, ya mwaka 1999, hubadili mapigo zaidi ya mara mia katika muda wa dakika sita tu; naistahi kama ninavyoistahi hesabu ngumu iliyofanywa sawasawa, na sina hamu ya kuirudia kila jioni.

Orion ya Metallica, ya mwaka 1986, ndiyo iliyofaulu mtihani huo, na sababu yake yaweza kuoneshwa kwa kidole. Huja taratibu kutoka mbali, besi ikitandaza sauti nzito, kisha ngoma na gitaa hushika mwendo wa kijeshi ambao katika wimbo wa kawaida ungekuwa mahali pa ubeti wa kwanza. Lakini badala ya ubeti hupokezana vifungu, na mahali pengine msikilizaji huapa kwamba asikiacho ni gitaa la kuongoza, kumbe ni besi ya Burton. Ikifika karibu na nusu, vyote hukatika. Hubaki besi peke yake, safi, ikipiga kifungu cha polepole chenye kubembea, bila ya mkwaruzo wowote; ngoma hurudi kwa adabu, gitaa moja likaja, la pili likalijibu kwa sauti za kuafikiana, na jengo zima hupandishwa tena juu ya kile kifungu cha besi mpaka mwendo wa kwanza urejee ukiwa na maana ambayo hapo mwanzo haukuwa nayo. Mwimbaji angeingia hapo angekuwa mdakizi.

Burton alifariki nchini Uswidi tarehe 27 Septemba 1986, basi la bendi lilipopinduka, akiwa na umri wa miaka 24, na Orion ikapigwa katika mazishi yake. Wenziwe hawakuipiga nzima jukwaani hadi mwaka 2006. Walimkumbuka mwaka 1988 kwa To Live Is to Die, iliyojengwa kwa vifungu alivyoviacha, na kwa kejeli ambayo sidhani waliikusudia, marehemu mpiga besi aliombolezwa katika albamu ambayo besi yake karibu haisikiki. Ina huzuni ya kweli, ila mishono yake yaonekana, na maneno machache yanasemwa ndani yake, kwa hiyo hata masharti ya ala tupu haikuyatimiza.

Mpinzani wa haki wa Orion ni The Call of Ktulu ya Metallica hiyohiyo, ya mwaka 1984, karibu dakika tisa, iliyochukua jina lake katika hadithi ya H. P. Lovecraft. Hiyo ndiyo iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 2001, nayo ilipewa kwa upigaji wa pamoja na okestra ya San Francisco chini ya Michael Kamen. Waamuzi walikuwa na haki yao; lakini mimi ningaliipa ile ya 1984, yenye watu wanne tu, kwa kuwa utunzi wake ni wa kurudia kifungu kimoja huku hofu ikipanda kidogo kidogo, na fidla za Kamen, kwa uzuri wake wote, hututangazia jinamizi kabla halijafika.