Semidiri si nyumba ya aibu

Bandugu, huku Bukavu tunapanga nyumba kama tunavyopanga batu. Juu iko nyumba ya matofali na sima, tunaiita ya kudumu. Chini yake iko semidiri: miti, mbao, udongo, na sima kidogo upande wa barabara ili wageni wasione. Mwenye kukaa mu semidiri anakuambia "bado sijajenga", kumbe amekaa humo miaka makumi mbili. Huo mpangilio mimi naukataa.

Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu asubuhi, tetemeko la kipimo cha 5,9 lilitupiga sisi na majirani wa ng'ambo ya Ruzizi. Rwanda njo walikufa wengi, na kuko walioangukiwa na kuta wakiwa kanisani. Ukuta wa matofali usio na mkanda wa beto na vyuma haujui kujipinda: ukisukumwa ubavuni, unapasuka kwenye sima, kisha unashuka na uzito wake wote. Kiunzi cha miti kinalia, kinainama, udongo unabanduka, lakini mara nyingi mtu anapata nafasi ya kutoka. Hata Port-au-Prince, kule Haiti, kwenye tetemeko la 12 Januari 2010, nyumba nyingi za zamani za kiunzi cha mbao zilivumilia kuliko majengo ya beto ya jirani.

Halafu kuko wale wanaosema wanajenga "kiafrika". Wanamwaga beto, kisha pembeni wanaweka payote ya majani, chini yake bia. Nyumba ya zamani ya Bushi ilikuwa kama kikapu kilichopinduliwa: fito na matete vimesukwa na kufungwa toka chini mpaka juu, paa na ukuta kitu kimoja. Tuliacha ile kufunga, tukabakiza majani. Arkitekti anayetaka kuheshimu Bushi aanzie kwenye viungo.

Semidiri ya leo nayo ina makosa mingi. Mti wa mikalitusi unakatwa mbichi, unachimbiwa moja kwa moja mu udongo wa maji. Mchwa na kuoza vinakula mguu wake, na siku ya tetemeko nyumba haina tena pa kusimamia. Na moto! Kadutu nyumba zinagusana, moja ikiwaka zinafuatana. Inaomba msingi wa mawe, mti uliokauka na kutiwa dawa, mbao za mshazari kwenye pembe, na nafasi kati ya jirani na jirani.

Lakini mtu asiniambie eti tofali inaokoa msitu. Nimesoma agronomia, nimeona tanuru za matofali zinavyomeza kuni za mikalitusi usiku na mchana. Miti ile ingekuwa nguzo.

Kwenye mavyuo yetu kuko mamemwari ya beto. Mimi nangojea ile itakayopima pembe za semidiri za Kadutu, na fundi aliyezifunga akae ndani ya juri.