“Matibabu ya Joto”: Je, Metali Huugua?

Tumepitia tafsiri za wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu za makala kuhusu aloi zinazopitisha umeme bila ukinzani. Kazi imefanywa kwa bidii. Hata hivyo, karibu wote wameandika kwamba aloi “ilipewa matibabu ya joto”. Metali haiugui! Kiingereza hutumia neno moja hospitalini na karakanani. Kiswahili hakilazimiki kukifuata. Mhunzi hukanza chuma, kisha hukiacha kipoe au hukichovya majini. Vitenzi hivyo vingetosha.

Kosa hili linaficha hoja yenyewe. Kutibu ni kurudisha hali ya awali, ilhali kukanza huku huleta hali mpya. Tuchukue aloi ya niobi na titani, inayotumika katika sumaku za mashine za MRI. Waya wake hukanzwa kwa takriban nyuzi 375 hadi 420 za Selsiasi kwa saa nyingi. Ndani yake hujitenga chembe za titani, nazo huzuia mistari ya usumaku isihame, hivyo waya ukabeba mkondo mkubwa zaidi bila ukinzani kurejea.

Aloi ya elementi tano (tantali, niobi, hafni, zirikoni na titani), iliyotangazwa mwaka 2014, hupoteza ukinzani ikipozwa hadi nyuzi 266 hivi chini ya sifuri. Mwanafunzi mmoja ameiita “aloi yenye vurugu”. Tulicheka, lakini hatukumkata alama: atomi zake zimechanganyika bila mpangilio, na neno lake linasema hivyo hasa.