Soketi Iliyomruhusu Mwenye Nyumba Kujivutia Laini

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, simu ya mezani katika nyumba za Uingereza ilikuwa mali ya Posta. Kwa kawaida waya wake ulifungwa ukutani moja kwa moja, na aliyetaka kuihamishia chumba kingine alimngoja fundi wa Posta na kumlipa. Sheria ya mwaka 1981 iliitenga British Telecom na Posta, ikaruhusu pia vifaa vya simu viuzwe madukani. Lakini sheria haiungi waya. Kilichomwezesha mtu asiye fundi kuvuta laini hadi chumbani bila kuharibu mtandao ni kisanduku cha plastiki kiitwacho soketi kuu, na kazi iliyofanywa ndani yake inastahili kusifiwa.

Simu huhitaji nyaya mbili tu. Kituo cha simu huzipa umeme mnyoofu wa takriban volti 50. Mtu akikupigia, huongezwa umeme geu wa volti 75 hivi, unaobadilika mara 25 kwa sekunde, na huo ndio unaoliza kengele. Kapasita huzuia ule mnyoofu na kuupitisha ule geu. Bila hiyo, kituo kingedhani simu imeinuliwa wakati wote.

Katika mpango wa zamani, kengele za simu zote za nyumbani ziliungwa kwa mfululizo. Kuongeza simu moja kulimaanisha kufungua na kupanga upya nyaya za zile zilizokuwapo. Wahandisi waliiondoa kapasita kwenye simu na kuiweka katika soketi kuu: moja ya mikrofaradi 1.8 kwa nyumba nzima. Waya wa tatu ukapeleka mlio kwenye soketi nyingine zote. Tangu hapo soketi ya ziada haikuhitaji kifaa chochote ndani yake. Pini namba 2 huungwa na 2, 3 (ya waya wa mlio) na 3, 5 na 5, basi. Iliwekwa pia rezista ya kilo-omu 470, ili kituo kiweze kuipima laini hata kama hakuna simu iliyochomekwa.

Baadaye ilikuja soketi kuu ya NTE5, ambayo uso wake umegawanyika. Nusu ya chini hufunguka kwa skrubu mbili, na nyaya za mwenye nyumba hufungwa nyuma ya kipande hicho tu. Ukikivuta, nyaya zote za ndani hutengana na laini ya nje, na nyuma yake hubaki tundu la majaribio. Chomeka simu hapo: hitilafu ikiendelea, ni ya kampuni, alimradi simu yenyewe ni nzima; ikitoweka, iko kwenye nyaya zako. Kipande hicho kimoja humaliza ubishi kuhusu nani agharimie matengenezo.

Kwa hiyo anayetaka kuhamisha simu haigusi soketi kuu yenyewe, kwa maana ni mali ya kampuni. Hufunga soketi ya ziada mahali papya. Hutoa kwanza kile kipande cha chini ili asifanye kazi penye umeme, kisha hupitisha kebo mbali na nyaya za umeme wa nyumba. Waya wa buluu wenye mistari myeupe huenda namba 2, na mweupe wenye mistari ya buluu huenda namba 5. Nyaya hazimenywi; husukumwa kwa kifaa maalumu kwenye meno ya chuma yanayokata ganda lake. Hizi mbili lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, kwa kuwa msokoto hufanya kelele za nje ziziingie kwa kiwango sawa, zikafutana.

Hapo ndipo ule waya wa tatu ulipogeuka kuwa mzigo. Intaneti ya ADSL ilipoanza kupita kwenye shaba hiyohiyo, kwa masafa ya kilohezi 25 hivi hadi megahezi 1.1, waya wa kengele uliokuwa umeungwa upande mmoja tu wa jozi uliuvunja usawa. Ukafanya kazi ya antena, ukaingiza kelele, na kasi ya intaneti ikashuka. Simu nyingi za kisasa zina njia yake ya kupokea mlio, hivyo kuutoa waya wa namba 3 kulitosha kuiponya laini katika nyumba nyingi. Uamuzi wa kuuweka waya huo haukuwa kosa. Ulitatua tatizo la kengele kabla ya intaneti kufika majumbani.

Mtandao huo wa simu za shaba umepangwa kuzimwa Januari 2027, na simu za nyumbani zitachomekwa kwenye ruta. Nyaya za ndani bado zinaweza kupeleka sauti vyumbani kutoka kwenye ruta, kwa sharti moja: zitenganishwe kwanza kabisa na laini ya nje, la sivyo umeme wa kituo unaweza kuiunguza ruta. Ndugu msomaji uishiye Uingereza, ukiamua kujifanyia kazi hii, ifanyie upande wako wa soketi tu. Ng'ambo ya pili mwachie fundi wa kampuni.