Joho na Kikapu cha Matunda: Lord Mansfield katika Picha za Karne ya 18

William Murray, Lord Mansfield (1705–1793), alikuwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya King's Bench nchini Uingereza kuanzia 1756 hadi 1788. Jina lake hutajwa karibu kila historia ya ukomeshaji wa utumwa inapoandikwa. Joseph Nollekens alimchonga kwa marumaru mwaka 1779, John Singleton Copley akamchora mwaka 1783, na Joshua Reynolds akafuata miaka miwili baadaye. Kwa kawaida kazi hizi hutazamwa kama vielelezo vya hadhi. Zinastahili kusomwa pia kama hoja, tena hoja zenye upande.

Picha ya Copley, iliyomo katika National Portrait Gallery jijini London, imetawaliwa na joho. Wekundu wa kitambaa na weupe wa manyoya huushika mtazamo kabla uso wa mzee wa miaka sabini na minane haujaonekana. Miaka mitatu kabla, Juni 1780, umati wenye ghasia ulikuwa umeiteketeza nyumba yake ya Bloomsbury Square, pamoja na vitabu na nyaraka zake. Kwa kulikumbuka tukio hilo, joho linaeleweka: mamlaka yaliyochomwa moto mtaani yanashonwa upya kwenye turubai.

Lakini mwaka 1783 ulikuwa pia mwaka wa shauri la meli ya Zong. Mabaharia wa meli hiyo walikuwa wamewatupa baharini Waafrika wapatao 130 waliokuwa wakipelekwa Jamaica kuuzwa, na wenye meli wakadai fidia ya bima, pauni 30 kwa kila kichwa. Mansfield alitamka kwamba kisheria jambo hilo lilikuwa sawa na kutupa farasi. Kwa haki, ni lazima iongezwe kwamba yeye na majaji wenzake waliamuru kesi isikilizwe upya, kwa kuwa ushahidi uliibua shaka kama dharura iliyodaiwa ilikuwapo kweli. Hata hivyo, swali lililokuwa mezani lilibaki la shehena na bima. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Utulivu wa Copley haugusi lolote kati ya hayo. Ustadi wake ni mkubwa, nao umetumika kufunika.

Kuhusu Reynolds, inasimuliwa kwamba alipomwuliza jaji kama picha imefanana naye, alijibiwa kuwa hilo haliwezi kujulikana, kwani hakuwa amejitazama kwenye kioo kwa miaka thelathini. Kisa hicho, kiwe cha kweli au cha kutungwa, kinazihakiki picha hizi vizuri kuliko sifa nyingi zilizomiminiwa. Sanamu ya kaburi iliyochongwa na John Flaxman katika Westminster Abbey, yenye Hekima na Haki pembeni mwa jaji, haiongezi kitu ila ukubwa.

Picha inayomweleza Mansfield kwa kina zaidi ni ile asiyokuwamo. Imehifadhiwa Scone Palace, Uskoti, mahali alipozaliwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ya Johan Zoffany. Sasa inahusishwa na David Martin. Inawaonyesha wasichana wawili waliolelewa nyumbani kwake Kenwood: Lady Elizabeth Murray, mwenye kitabu mkononi, na Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761 na Maria Belle, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, kwa Sir John Lindsay, mpwa wa Mansfield. Dido amevaa kilemba chenye unyoya, amebeba matunda, kidole shavuni, na anatabasamu kana kwamba ana haraka ya kwenda kwingine.

Wapo wanaoiona picha hii kama tangazo la usawa. Usomaji huo unakwenda mbali mno. Ni kweli wote wawili wamevaa hariri, na Elizabeth amemshika mwenzake mkono. Lakini mmoja ametulia na kitabu chake. Mwingine anapita na kikapu, na kilemba kinamweka mbali na Uingereza aliyokulia. Upendo umo, na daraja limo. Mchoraji hakukificha kimoja kwa ajili ya kingine, na hapo ndipo anapomzidi Copley. Waliofuata ndio waliokifuta kimoja: orodha za baadaye zilimtaja Elizabeth kwa jina na kumfanya Dido mhudumu mweusi tu. Jina lake lilirejeshwa hadharani miaka ya 1980.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda akamfikiria mtoto wa suria, ambaye akikubaliwa na baba yake aliyemmiliki mama huzaliwa huru. Masultani kadhaa wa Unguja walizaliwa hivyo. Dido hakuwa na kanuni ya namna hiyo ya kuegemea. Mara nyingi lebo za makumbusho humtambulisha Mansfield kwa hukumu ya James Somerset ya 1772, nyingine zikiandika kwamba aliukomesha utumwa Uingereza. Mwenyewe alieleza mwaka 1785 kwamba hukumu ile haikuvuka hapa: bwana hawezi kumlazimisha mtumwa kutoka nje ya nchi. Ushahidi wa nyumbani kwake ni mzito zaidi. Katika wosia wa 1782, miaka kumi baada ya hukumu, alimwachia Dido pauni 100 kwa mwaka, na akaona bado kuna haja ya kuthibitisha kwa maandishi kwamba msichana huyo ni huru. Lebo inayoitaja hukumu inapaswa kuutaja wosia huo katika sentensi inayofuata, na kuwataja wasichana wote wawili kwa majina yao kamili.